Kipimo cha Kombaini ki Shambani

Atokaye katikati ya mji wa Moshi akielekea kusini hupita Pasua, kata iliyo pembezoni mwa mji, na haimchukui muda kuziacha nyumba na kuingia penye mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni. Nyuma yake umesimama mlima Kilimanjaro. Mbele yake yamelala majaruba, jaruba baada ya jaruba, kila moja limezungushiwa kingo zake. Wakati wa mavuno mashine ya kuvunia, ambayo wakulima huiita kombaini, huingia humo umande ukishakauka, na kabla ya jua la utosi huwa imemaliza kazi ambayo ingewashughulisha watu wengi na mundu zao kwa siku nzima. Mashine ikisha kutoka, kilichobaki chini hakionekani kwa mtu aliyesimama kwenye kingo. Huonekana kwa yule tu anayeinama.

Wakulima kadhaa wakikaa pamoja kushauriana juu ya kununua kombaini yao wenyewe, mazungumzo aghalabu huzunguka mambo matatu: bei, nguvu ya injini, na jina la kiwanda. Mambo hayo yana uzito wake. Hata hivyo, hakuna hata moja kati yake linalojibu swali lililo kuu, nalo ni hili: katika shamba hili, kwa mpunga huu na udongo huu, mashine hii itamwachia mkulima magunia mangapi na deni kiasi gani? Jibu lake halimo katika kijitabu cha muuzaji. Hupatikana shambani kwa kupima, na kupima huko ni haki ya mnunuzi kabla hajatia sahihi yake kwenye mkataba wa mkopo.

Kazi nne katika mashine moja

Neno kombaini latokana na Kiingereza, na maana yake ni kuunganisha. Jina hilo laeleza vema mashine yenyewe, kwani ndani yake zimeunganishwa kazi ambazo zamani zilifanywa moja moja: kukata, kupura, kutenga punje na majani, na kupepeta. Mmarekani Hiram Moore aliunda mashine ya namna hiyo katika jimbo la Michigan miaka ya 1830, nayo ilivutwa na farasi wengi. Miaka mia moja baadaye, kuelekea mwisho wa miaka ya 1930, kombaini zinazojiendesha kwa injini yake zenyewe zikaanza kuenea Amerika ya Kaskazini. Umbo limebadilika sana tangu wakati huo, lakini kazi ni zile zile nne.

Yafaa mnunuzi azifahamu kazi hizo, kwa sababu kila moja ina njia yake ya kupoteza nafaka. Visu vya mbele vikiwa butu, au gurudumu linaloyasukuma masuke likizunguka upesi mno, punje hudondoka kabla hazijaingia ndani. Ngoma ya kupuria ikizunguka polepole, masuke hutoka nyuma yakiwa bado na punje zake. Ikizunguka upesi kupita kiasi, punje hupasuka, na mpunga uliopasuka ukifika kinuni hutoa chenga badala ya mchele mzima. Feni ikipuliza kwa nguvu mno hupeperusha punje pamoja na makapi. Ikipuliza kwa uvivu, makapi huingia kwenye magunia. Basi si sahihi kusema kwamba kombaini fulani ni nzuri au ni mbaya bila ya kutaja zao, unyevu wake, na namna mashine ilivyorekebishwa siku ile. Kwa kawaida mpunga huvunwa punje zikiwa na unyevu wa asilimia 20 hadi 24, kisha hukaushwa mpaka asilimia 14 au chini yake kabla ya kuwekwa ghalani. Mashine iliyojaribiwa kwa ngano iliyokauka haijathibitisha lolote juu ya mpunga ulio na unyevu.

Mlima mmoja, mashine mbili

Mkoa wa Kilimanjaro watoa funzo zuri juu ya jambo hili. Upande wa magharibi wa mlima, katika mashamba makubwa ya ngano na shayiri, ardhi ni kavu wakati wa mavuno na shamba moja huweza kuwa na ekari nyingi zisizokatwa na kingo. Hapo kombaini kubwa ya magurudumu, yenye kukata upana wa mita 5 au 6 kwa mara moja, imepata mahali pake. Lililo la kuangaliwa huko ni mteremko: mashine ikiinama upande mmoja, nafaka nayo hukusanyika upande huo wa chekeche, na sehemu yake humwagika nje bila kupepetwa sawasawa.

Katikati ya mlima, kwenye vihamba vya migomba na kahawa, kombaini haina kazi kabisa.

Huku chini, kusini ya Pasua, hali ni nyingine tena. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, ulipangwa kuwa na hekta zipatazo 2,300, na kati ya hizo hekta 1,100 zilikuwa za mpunga. Jaruba la kawaida lilipimwa mita 100 kwa mita 30, yaani hekta 0.3. Udongo wake hubaki na maji hata baada ya mifereji kufungwa. Katika mahali kama hapo mashine ndogo inayotembea kwa minyororo ya mpira ina sababu nzuri ya kupendelewa, na sababu hiyo yaweza kuonyeshwa kwa hesabu.

Na ichukuliwe kombaini ndogo yenye uzito wa kilo 3,000, ikikalia minyororo miwili, kila mmoja ukigusa ardhi kwa upana wa sentimita 45 na urefu wa sentimita 150. Eneo lote linalogusa ardhi ni sentimita za mraba 13,500, na kila sentimita ya mraba hubeba kilo 0.22 tu. Mtu wa kilo 70 akisimama kwa mguu mmoja wenye eneo la sentimita za mraba 200 huikandamiza ardhi kwa kilo 0.35 kwa kila sentimita ya mraba. Maana yake ni kwamba mashine hiyo hukanyaga kwa wepesi kuliko mwenyewe anayetembea nyuma yake. Na ichukuliwe sasa kombaini kubwa yenye uzito wa kilo 10,000, ikigusa ardhi kwa matairi yenye eneo la sentimita za mraba 12,000: kila sentimita hubeba kilo 0.83. Katika ngano ya nchi kavu jambo hilo huvumilika. Katika jaruba lenye tope ni kuzama, kuvunja kingo, na kuacha mitaro ambayo mkulima ataisawazisha msimu ujao kwa gharama yake.

Upana nao hudanganya. Mashine ikatayo mita 6 na kwenda kilomita 5 kwa saa huonekana kwenye karatasi kuwa inavuna hekta 3 kwa saa. Ile ikatayo mita 2 na kwenda kilomita 4 kwa saa huvuna hekta 0.8. Tofauti yakaribia mara nne. Lakini jaruba la hekta 0.3 mashine kubwa hulimaliza kwa dakika 6. Ikiwa kuingia, kugeuka na kutoka kwachukua dakika 10 nyingine, basi mwendo wake halisi washuka hadi hekta 1.1 kwa saa. Mashine ndogo hulimaliza jaruba hilo kwa dakika 22 na nusu, na ikihitaji dakika 5 za kugeuka, mwendo wake ni hekta 0.65. Tofauti ya mara nne sasa haifiki hata mara mbili, ilhali bei ya mashine kubwa haikupungua.

Kamba ya mita nne

Kipimo kilicho muhimu kupita vyote hakihitaji maabara. Chahitaji kamba ya mita 4, vijiti vinne, na subira. Kamba ikizungushwa kwenye vijiti hivyo hufanya mraba wa mita 1 kila upande. Punje zilizo chini ndani ya mraba huokotwa na kuhesabiwa.

Punje elfu moja za mpunga huwa na uzito wa gramu 25 hivi. Kwa hiyo punje 40 ni gramu 1, na gramu 1 katika kila mita ya mraba ni kilo 10 katika hekta nzima, au kilo 4 katika ekari. Ikiwa shamba hutoa tani 5 kwa hekta, punje 200 katika mita ya mraba ni hasara ya kilo 50, yaani asilimia 1 ya mavuno. Punje 200 hazijazi hata kiganja cha mtoto. Hii ndiyo sababu jicho la mtu aliyesimama haliwezi kuaminiwa: punje 1,000 zilizotawanyika chini ya majani humwonekania kuwa si kitu, nazo ni kilo 250 kwa hekta.

Lakini kipimo hiki kina adabu yake, na asiyeifuata ataionea mashine moja na kuipendelea nyingine. Kwanza, punje zihesabiwe ndani ya mpunga ambao haujakatwa bado, kwani baadhi hudondoka zenyewe kwa kuiva kupita kiasi au kwa ndege, na hizo si kosa la mashine. Pili, mashine isimamishwe ghafla katikati ya kazi na kurudishwa nyuma kidogo, kisha punje zihesabiwe pale mbele ilipokata lakini majani hayajamwagwa. Hapo hujulikana hasara ya visu. Tatu, zihesabiwe nyuma, chini ya majani yaliyotoka. Hapo hujulikana hasara ya ngoma, ya chekeche na ya feni.

Katika hatua hii ya tatu wengi hukosea. Kombaini ikatayo upana wa mita 6 huweza kumwaga majani yake yote katika ukanda wa mita 1 na nusu. Punje zilizo katika mita moja ya mraba ya ukanda huo zimetoka katika mita nne za shamba, hivyo hesabu ya punje zilizotoka na majani haina budi kugawanywa kwa nne kabla ya kulinganishwa. Ile ikatayo mita 2 na kumwaga ukanda wa mita 1 hugawanywa kwa mbili. Asiyegawanya ataihukumu mashine kubwa kwa kosa ambalo haikulifanya. Mwisho, kiganja cha punje kutoka tangi kitazamwe: mia moja zimenywe, na zilizovunjika zihesabiwe. Kwa mkulima wa mbegu jambo hili ni zito zaidi, maana punje iliyopasuka haioti.

Hesabu ya ekari huanzia mtoni

Baada ya kipimo cha punje huja kipimo cha fedha. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, ila njia ya kuhesabu ni ile ile kwa mashine yoyote. Mashine hununuliwa kwa shilingi milioni 80, hutumika miaka 8, kisha huuzwa kwa shilingi milioni 8. Kuchakaa kwake ni shilingi milioni 9 kwa mwaka. Riba, bima na banda zikiwa shilingi milioni 7, basi kila mwaka kuna shilingi milioni 16 za kulipwa hata kama mashine haikutoka bandani. Ikiwa mvunishaji hulipa shilingi 100,000 kwa ekari, na dizeli, dereva na matengenezo huchukua 60,000, hubaki 40,000. Milioni 16 zikigawanywa kwa 40,000 ni ekari 400. Chini ya ekari hizo kikundi hula hasara. Juu yake huanza kupata faida.

Hapo ndipo mkulima wa Lower Moshi anapaswa kuyainua macho na kuitazama mito. Mpunga wa huko hutegemea maji ya Rau na Njoro, na maji hayo yamekuwa na wenyewe wengi kuliko ilivyodhaniwa mradi ulipochorwa. Ekari zilizo kwenye ramani si ekari zinazopata maji kila msimu. Mtu akijaza hesabu yake ya kombaini kwa ekari za ramani atakuwa amekopa kwa dhamana ya maji asiyokuwa nayo. Ekari za kuhesabu ni zile zilizovunwa kweli katika misimu kadhaa iliyopita, na katika msimu mbaya kuliko wote.

Fundi yuko wapi?

Mashine inayovuna ekari 10 kwa siku huhitaji siku 40 kutimiza ekari 400. Beringi moja ikivunjika na kungojewa siku 10, zimepotea ekari 100, na kwa mfano ule ule, shilingi milioni 4; wala hapo haujahesabiwa mpunga ulioiva ukidondoka na kuliwa na kwelea kwelea. Kwa hiyo kulinganisha kombaini bila kulinganisha vipuri ni kazi nusu. Muuzaji na aonyeshe rafu zake: mikanda, visu, beringi, vichujio. Na ataje fundi aliye karibu, na siku ngapi humchukua kufika shambani. Mashine ya pili kwa ubora yenye fundi Moshi au Arusha ni bora kuliko ya kwanza ambayo kipuri chake husafiri kwa meli.

Nchi hii imekwisha lipa ada ya somo hilo. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulizunguka Tanganyika kwa majuma machache tu, na mwaka uliofuata mpango wa karanga ukaanza Kongwa. Mitambo ilifika kabla udongo haujafahamika. Wakati wa kiangazi ardhi ilikuwa ngumu, ikazila zana. Mpango ulipofutwa mwaka 1951, zilikuwa zimepotea pauni zipatazo milioni 36. Tangu miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kanada ilisaidia mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO huko Hanang, kwenye ardhi iliyokuwa malisho ya Wabarabaig. Ngano ilipatikana, na wataalamu walifunzwa. Lakini kilimo chote kilisimama juu ya mafuta, mitambo na vipuri kutoka ng'ambo. Katika hali zote mbili mashine ilichaguliwa kwanza, na mahali pakatakiwa pafanane nayo.

Majani na mikono

Yapo mambo mawili ambayo hayamo katika kijitabu chochote cha matangazo. La kwanza ni majani ya mpunga. Mlimani ng'ombe hufugwa zizini, na sehemu ya malisho yao hutoka nyanda za chini. Kombaini yenye kukatakata majani vipande na kuyatawanya huurudishia udongo mboji, lakini humnyima mfugaji. Ile inayoyamwaga mstari mmoja huyaacha yakusanywe. Wajapani, katika miaka ya 1960, waliunda kombaini inayopitisha masuke tu kwenye ngoma na kuyaacha majani mazima. Ipi inafaa ni juu ya wenye shamba kuamua, ila waamue wakijua.

La pili ni watu. Wapo wanaume na wanawake ambao msimu wa kukata na kupiga mpunga ndio mshahara wao. Si kweli kwamba mashine haiwagusi, na si haki kulificha jambo hilo kwa maneno mazuri juu ya maendeleo. Mpunga uliochelewa kuvunwa ni hasara kwa wote, hilo halina ubishi. Lakini kikundi kinachonunua kombaini hakina budi kuuliza pia nani atafunzwa kuiendesha, nani ataikarabati, na nani atakausha na kufunga magunia. Kazi hizo zikitolewa kwa vijana wa pale pale, sehemu ya mshahara uliopotea hurudi kijijini.

Linalopaswa kufanywa

Mwanzoni mwa karne iliyopita, mkulima mmoja wa Nebraska, Marekani, Wilmot Crozier, alinunua matrekta ambayo hayakufanya kazi kama yalivyosifiwa. Alipochaguliwa kuwa mbunge wa jimbo lake alisaidia kupitishwa sheria ya mwaka 1919 iliyotaka trekta lolote lipimwe na chuo kikuu cha jimbo kabla ya kuuzwa, na matokeo yatangazwe. Vipimo vilianza mwaka 1920, na baada ya muda vikawa rejea ya wanunuzi hata nje ya nchi hiyo.

Tanzania haikosi msingi wa jambo kama hilo. Arusha, safari ya saa chache kutoka Pasua, kipo kituo cha CAMARTEC, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1981, na kupima zana za kilimo ni miongoni mwa kazi zake. Katika eneo la Lower Moshi kipo chuo cha mafunzo ya kilimo, KATC, chenye ujuzi wa miaka mingi katika mpunga. Kinachotakiwa ni kwamba vipimo vifanywe katika majaruba ya wakulima, mbele ya macho yao, mashine mbili au tatu zikishindanishwa siku moja kwenye mpunga mmoja. Na matokeo yaandikwe kwa Kiswahili kwenye karatasi moja: hasara kwa hekta, chenga katika punje mia, dizeli kwa ekari, kina cha nyayo za mashine kwenye tope, na siku za kungojea kipuri. Karatasi hiyo ibandikwe ofisini kwa kijiji na katika chama cha ushirika, ambapo yeyote aweza kuisoma. Mkopeshaji naye asitoe fedha za kombaini pasipo karatasi hiyo, kwa kuwa humlinda yeye kama imlindavyo mkulima.

Muuzaji mwenye mashine njema hana sababu ya kukataa. Akikataa, kukataa kwake ni jibu tosha. Na kabla karatasi hiyo haijaanza kutolewa, kamba ya mita nne hainunuliwi kwa mkopo.